Bendera Nyeupe kwenye Kona ya Mkwaju

KITUO CHA POLISI, MARAMBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sabiha binti Kombo
Umri: Miaka thelathini na sita, kwa hesabu ya mama
Kazi: Mpishi wa sherehe na kiongozi wa ngoma ya wanawake
Makazi: Nguvumali, Tanga
Tarehe: Jumatatu, 20 Agosti 1956
Mbele ya: Sajini Hatibu

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa ajili ya Zebedayo, mfanyakazi wa shamba la mkonge, ambaye mmemweka mahabusu tangu jana jioni. Anashutumiwa kwamba alitupa gunia barabarani makusudi ili ndugu yangu Haji aumie na Ernesti, mdogo wake Zebedayo, ashinde mbio za vibao. Si kweli hata kidogo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na Haji ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwa hiyo sina sababu ya kumpendelea Zebedayo.

Sajini ameniambia nianze mwanzo, nami naanza mwanzo.

Kibao ni ubao mnene wenye magurudumu manne ya mbao yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu. Vijana wa milimani hushushia kuni na mikungu ya ndizi. Wengine huketi juu yake, wakashuka nao barabara ya Maramba kutoka kileleni mpaka darajani, na breki yao ni kisigino. Vijana wa Nguvumali walipouona mchezo huo waliupenda mpaka wakakosa usingizi, wakatengeneza vya kwao. Haji ndugu yangu haketi. Husimama wima juu ya ubao, magoti kayakunja kidogo, kamba ya kuongozea mkononi, na ukimwona anavyoikata kona utasahau jina lako. Namsifu si kwa kuwa ni wangu.

Mnamo mwaka jana yalifanyika mashindano ya kwanza baina ya Nguvumali na Maramba, na yalikuwa aibu tupu. Vijana kumi na mbili waliachiwa wote kwa pamoja. Mbuzi wakapita katikati, watu wakasimama barabarani wakila miwa, na kule chini hakuna aliyejua nani katangulia. Kila upande ukambeba mshindi wake mabegani, ukaondoka naye ukiimba. Tulikuwa na mabingwa wawili kwa mbio moja, na mpaka mwezi wa tatu watu walikuwa bado wanapigana ngumi sokoni kwa ajili hiyo.

Mwaka huu wazee wa pande zote mbili walinifuata nyumbani. Walisema, "Binti Kombo, wewe unalisha harusi ya watu mia nane bila sahani kugombaniwa. Tutengenezee hili." Nilikubali kabla hawajamaliza kunywa kahawa. Watu hufikiri mbio ni miguu na magurudumu tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Niliweka utaratibu ufuatao. Washindani washuke wawili wawili, mmoja wa Nguvumali na mmoja wa Maramba. Watazamaji wakae upande wa juu wa barabara tu. Kila kona iwekewe magunia ya makapi ya mkonge, ili atakayeteleza aangukie penye ulaini. Chini darajani iwekwe kamba ya kuzuia magari, na baina ya mzunguko mmoja na mwingine kamba ilegezwe, magari yapite, kwa kuwa barabara ni ya watu wote na kibali tulichopewa kilisema hivyo.

Jambo kubwa lilikuwa bendera. Aliye kileleni haoni daraja. Anaona Kona ya Mkwaju peke yake. Aliye kwenye kona anaona kote kuwili. Kwa hiyo nilisema kwenye kona asimame mtu mwenye bendera mbili. Nyekundu maana yake ngoja, kuna gari. Nyeupe maana yake njia iko wazi, na hapo Jumbe, mzee wetu wa Nguvumali aliyekuwa kileleni, apige baragumu na vijana waondoke. Bendera nilizikata mwenyewe, na nyeupe ilikuwa ya kitambaa cha bafta.

Mtu wa kona nilimchagua mimi, naye ni Zebedayo. Watu wangu walinijia juu. Mama yangu, Bi Kijakazi, alisema, "Kaka wa mshindani umpe bendera? Weye una wazimu?" Nilimjibu kwamba nimemtazama yule kijana siku zote za matayarisho: hapigi kelele, hanywi, na ukimwambia simama hapa utamkuta hapo hapo. Mama hakuridhika.

Mnamo Jumapili tarehe 19 Agosti, saa nane mchana, Waluteri na Wakatoliki wakiwa wametoka makanisani na sisi tumekwisha kuswali adhuhuri, mashindano yalianza. Sajini, laiti ungekuwepo! Mizunguko mitano ilishuka bila mkwaruzo. Nyeupe ikipanda, baragumu likilia, vibao vikipita kwa ngurumo na vumbi, kamba ikifungwa na kulegezwa kama nilivyosema. Mzee mmoja wa Maramba alinishika mkono akasema hajaona jambo la watu wengi likaenda kwa adabu namna ile tangu azaliwe. Nilijisikia mrefu kuliko mnazi. Kinamama wenzangu wa ngoma walikuwa wamevaa sare ya kanga za kisutu, wakiimba, na mimi nilikuwa napita kona hadi kona nikipanga magunia na kucheka peke yangu.

Umeniambia niache sifa niseme lililotokea. Sawa.

Saa kumi kasoro kidogo ulifika mzunguko wa mwisho, Haji kwa Ernesti. Nilikuwa nimesimama Kona ya Mkwaju, Zebedayo mbele yangu. Kinamama wa kisutu walikuwa wamesogea, wakajaa nyuma yetu, maana kila mtu alitaka kuona. Lori lilikuja darajani, la bwana Sadalla, limebeba ng'onda, samaki wa kukausha, kutoka Kigombe. Walioshika kamba waliilegeza, na hilo halikuwa kosa lao, maana ndio utaratibu. Zebedayo aliona lori, akainua nyekundu. Naapa aliinua nyekundu. Aliinua kwa mikono miwili na nilimsikia akihesabu kwa Kishambaa, kama anavyofanya akisubiri gari lipite.

Baragumu likalia.

Zebedayo aligeuka akanitazama. Alisema, "Dada Sabiha, mbona wanakuja?" Nikamwambia punga, akapunga mpaka mti wa bendera ukavunjika. Haji alikuwa mbele, amesimama, Ernesti nyuma yake kidogo. Unaposhuka namna ile huna macho ya bendera. Umekwisha kuambiwa njia ni nyeupe. Nilipiga ukelele, lakini wanawake mia walikuwa wanapiga vigelegele na wangu ukamezwa.

Hapo Zebedayo aliitupa bendera, akakumbatia gunia la makapi, akaliburuta mpaka katikati ya barabara, akalilalia ili lisisogee. Haji aligonga gunia. Aliruka juu ya Zebedayo akaangukia magunia mengine ya pembeni. Bwana Sadalla alipotokeza kwenye kona akaona gunia na mtu, akakata usukani, lori likaingia mtaroni, na ng'onda wote wakamwagika. Paka wa Maramba jana walikula Idi.

Ernesti angeweza kupita. Njia upande wake ilikuwa wazi, na daraja lilikuwa pale chini linamsubiri. Alikita kisigino, akaanguka, akaamka anachechemea kuja kumwinua Haji. Wanaosema kulikuwa na njama wanieleze, ni njama gani hiyo ambayo aliyepangiwa ushindi anauacha barabarani?

Mama alifika akamkuta Haji damu kidevuni na mkono umepinda. Alimnyooshea Zebedayo kidole mbele ya watu wote, akasema, "Yuno kamuua mwanangu! Katupa gunia nimemuona!" Bwana Sadalla naye akasema gunia lilitupwa. Mkaja mkamchukua. Zebedayo hakujitetea. Aliuliza mara moja tu kama Haji anapumua.

Haji anapumua. Amelazwa zahanati ya hapa hapa Maramba, mkono umefungwa. Alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilikuwa mbele?" Nilitamani kumpiga kofi nikambusu.

Umeniuliza kama nyekundu iliinuliwa, kwa nini baragumu lilipigwa. Swali hilo hilo limenikera tangu jana. Nilimuuliza Jumbe, akaapa kwamba aliona nyeupe. Jumbe si mwongo. Leo baada ya swala ya alfajiri, kulipokucha vizuri, nilimchukua tukapanda kileleni, nikamwambia, "Baba, simama uliposimama, unionyeshe ulichokiona." Akasimama. Akanyoosha mkono kwenye Kona ya Mkwaju akasema, "Ile."

Na kweli, ilikuwapo. Zebedayo yuko mahabusu, kona haina mtu, na nyeupe inapepea. Jumbe aliketi chini pale pale. Mimi nilishuka mbio, na umri huu.

Pale konani, nyuma ya ule mkwaju, kuna mzimu, mahali pa kutambikia. Watu wa huku wanaujua na sisi watu wa pwani tunajua mambo hayo: ukipita kwa wenyewe unabisha hodi. Juu ya tawi palikuwa pamefungwa kitambaa kipya cha bafta, chini yake majivu ya ubani na chupa ya marashi. Ukiwa kwenye kona hukioni, majani yanakificha. Kutoka kileleni kinaonekana peke yake, tena juu ya vichwa vya watu. Na nyekundu ya Zebedayo ilikuwa mbele ya kinamama mia waliovaa kisutu chekundu. Nani angeiona? Jumbe aliona alichoambiwa atazame.

Kitambaa kile nakijua, kwa sababu kimekatwa kutoka bafta iliyobaki nilipokata bendera.

Niliporudi nacho zahanati nilimkuta mama kakaa kitandani kwa Haji. Sikumuuliza, nilikiweka kitambaa mapajani mwake. Akasema, "Mlima una wenyewe, mwanangu. Niliwaomba ruhusa Haji apite salama." Alikifunga jana wakati wa mzunguko wa tano, watu wote wakiwa wanatazama barabarani. Nilimwambia nakuja kwako, Sajini, na nitasema yote, na labda utamtaka na yeye. Alijibu, "Sema. Usinifiche hata kidogo." Ameketi hapo nje kwenye benchi.

Nimeogopa kulisema jina la mama yangu katika nyumba hii. Lakini mama hakutaka ubaya, na Zebedayo hakufanya ubaya. Mtu anayetaka kuua hatupi gunia laini kisha akalilalia. Yule kijana alilala mbele ya lori kwa ajili ya ndugu yangu, na sisi tumemlipa kwa pingu.

Naomba pia yaandikwe haya, ingawa umesema hayahusu kesi. Mwakani bendera zitakuwa za manjano na kijani, kwa kuwa nyekundu, nyeupe na nyeusi ni rangi za mizimu, zina wenyewe. Nyuma ya mshika bendera hatasimama mtu yeyote, awe amevaa sare au gunia. Bendera ikipanda, ngoma ipigwe kwenye kona, na Jumbe asipulize mpaka aone na asikie. Wanaotaka kuomba kwenye mzimu waombe siku moja kabla, na mimi nitaandamana nao. Mzunguko wa mwisho urudiwe mkono wa Haji ukipona, kwa maana hakuna aliyeshinda. Umeniuliza kama nina akili timamu kuzungumzia mwakani leo. Ninazo. Mizunguko mitano, Sajini, bila mkwaruzo! Jambo lililokaribia kukamilika namna ile halitupwi, linatengenezwa.

Niliyoyaona nimeyaeleza, na niliyoyajua baadaye nimesema nimeyajuaje. Nimesomewa kwa Kiswahili, nikasahihisha mahali pawili, na sasa ni maneno yangu.

Sahihi, kwa herufi za Kiarabu: Sabiha binti Kombo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Hatibu, kuanzia saa tano asubuhi. Shahidi alizungumza akiwa amesimama na alikataa kiti mara mbili. Aya inayohusu mwakani nimeiandika kwa kusisitiza kwake.

Saa saba mchana nilipanda kileleni na Jumbe, kitambaa kikiwa kimerudishwa kwenye tawi. Kwa macho yangu nilidhani ni bendera. Dereva Sadalla, alipoulizwa tena, amekiri kwamba alipotokeza kwenye kona mtu alikuwa tayari amelala juu ya gunia, na kwamba hakumwona akilitupa.

Bi Kijakazi ameitwa ndani, ameeleza kama binti yake alivyoeleza, na ameondoa shutuma. Sikuona kosa la kumshtaki.

Zebedayo ameachiwa saa kumi alasiri. Mali zake, yaani mkanda na viatu, zilikuwa mezani kwangu. Nilimwagiza askari ampelekee. Bi Kijakazi alimtangulia askari, akavichukua viatu, akaenda navyo mwenyewe mpaka mlango wa mahabusu, akapiga magoti kwa shida, na kumvalisha.

Hatibu, Sajini