Msimamizi na mkeka wangu

Shoga, huyu msimamizi wetu wa stoo ana laana.

Si unajua diski ya uti wa mgongo imenitoka huku kiunoni, na daktari kanikataza kubeba hata ndoo? Basi msimamizi kanikuta nyuma ya makatoni, nimelala kifudifudi kwenye mkeka, nafanya lile zoezi langu la kuinua kifua nililopewa hospitali.

"Kumbe pushapu unaweza, kazi ndiyo inakushinda?"

Mbele ya watu. Mbele ya watu, shoga.

Eti nikitaka mazoezi kazini niombe kwa barua.

Halafu akanyanyua katoni la sabuni anionyeshe lilivyo jepesi. Akabaki kapinda hivyo hivyo.

Sasa hivi kalala kwenye mkeka wangu, jasho linamtiririka, ananiuliza lile zoezi linaanzaje.

Nimemwambia aandike barua.