Kilio cha Shangazi

Jumamosi usiku, Buswelu

Bado nina hasira na yule mwanamke mwenye simu.

Leo tumemzika shangazi kule Magu, shangazi aliyenilea. Nililia kwa sauti pale kaburini. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Mwone, analia kama kwenye ile tamthilia yake." Mwenzake akaninyooshea simu, akaanza kurekodi.

Nikanyamaza palepale. Hilo nalo likawa kosa. Kulwa, binti wa marehemu, akaja kusimama kando yangu, akaniona macho makavu, akaninong'oneza, "Dada, mama alikupenda. Hata chozi?"

Nimeandika vilio, nimelia jukwaani na kwenye kamera. Waigizaji ninaowaongoza huwa nawaambia: ukilia, tafuta mwanga, la sivyo machozi hayaonekani.

Wenzangu wamelala matangani. Mimi nimeshindwa, nimerudi nyumbani kwangu.

Nilifunga mlango nimlilie shangazi peke yangu, bila macho ya mtu. Machozi yakaja yenyewe, mengi. Nilidhani hatimaye ni yangu.

Halafu nikagundua nimeshahama kiti, uso nimeuelekeza kwenye taa.