Nyota ya Baba

Mutanga Nord, Bujumbura

Kaka Hamood,

Salamu toka nyumbani. Mama hajambo, na jana jirani yetu Consolate alituletea ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Kampuni yako huko Maskati inatumia bure programu yangu ya kugeuza maandishi kuwa kurasa, halafu we unaniamuru nifute ile kanuni yake ya kusoma alama ya nyota, eti kwa wengine nyota ni alama ya orodha tu. Apana! Programu hiyo niliiandika ili isome daftari la ukoo alilotuachia Baba. Kila aliyefariki, Baba alimwekea nyota mbele ya jina, na programu inaongeza "Mungu amrehemu." Wasiotaka wachukue nakala ya programu, wabadilishe hiyo yao.

Nyota ya Baba mwenyewe niliiweka mi. Kumzika hukuja. Usiniombe nimfute.

Ni mi mdogo wako,
Nura