Nani Anamchana Bwana Mashavu?

Bwenini, 4 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na cherehani, bado inakoroma? Mimi nimefika salama. Chuo cha uuguzi ni kikubwa, chumba chetu ni kidogo, na wanyama hawaruhusiwi kabisa. Matroni amesema hata kuku wa plastiki hataki kumwona.

Kwa hiyo narudia, usimwogeshe Bwana Mashavu kwa maji. Najua wewe na sabuni ni ndugu wa damu, lakini hamsta si panya wa mtaroni, akilowa hushikwa na baridi akafa. Mwekee ule mchanga mkavu kwenye bakuli, atajigaragaza mwenyewe. Kila siku chota kwa kijiko maranda ya ile kona anayokojolea. Jumamosi badilisha maranda yote, ila bakiza konzi moja ya yale ya zamani, asije akadhani amehamishwa nyumba. Manyoya mchane kwa ule mswaki laini, kutoka kichwani kwenda nyuma.

Unajua ni mama aliyeninunulia, wiki ile kabla ya kulazwa. Nitunzie.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia, cherehani inakoroma, mimi nacheka tu.

Nikuambie ukweli usinune. Nina sare arobaini za shule za kushona, na Bwana Mashavu wako nilimsahau. Chakula na maji alipata, lakini usafi, siku tisa sikumgusa. Jumamosi nikaenda na mswaki, aibu tele, nikijua nitakuta jalala. Nimekuta nini? Manyoya yamelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kona kavu. Mchanga umechekechwa, hauna hata kinyesi kimoja. Nikasema kumbe mnyama huyu ana adabu kuliko wapangaji wote niliowahi kuwa nao.

Ila nijibu jambo moja. Hamsta hujigawa nywele? Maana ana njia kichwani, nyembamba, imenyooka kama nimepiga chaki. Inaanzia sikio la kushoto inakwenda mshazari hadi mgongoni.

Shangazi yako


23 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako nimeisoma mara nne.

Hamsta hujilamba na kujisugua kwa mikono, ni wasafi kweli. Njia hawezi kujigawa. Nani anaingia humo ndani? Funguo ya pili iko kwa nani?

Usinicheke. Mama alikuwa akiwagawa nywele wateja wake hivyohivyo, kuanzia sikio la kushoto, mshazari. Siku moja nilimwambia pale saluni, "Mama, wasusi wengine wanaanzia katikati." Akanijibu, "Katikati ni barabara ya kila mtu. Hii ni ya kwangu."

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo. Akili sijui.

Funguo ya pili haipo, ilipotea mwaka juzi. Jumatano nilifunga mlango, funguo nikaitia kifuani, nikaweka tundu la Bwana Mashavu mbele yangu juu ya meza ya cherehani. Saa tisa alasiri, jua linawaka. Nikasinzia kidogo, kichwa juu ya kitambaa. Hata birika lisingechemka.

Nilipozinduka, Bwana Mashavu alikuwa ametulia, macho nusu, kama anavyofanya ukimpapasa. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa mapajani, kimekunjwa mara nne. Nikapeleka mkono kichwani. Mistari minane, mwanangu. Imeanzia sikio la kushoto, kila mmoja umefungwa fundo dogo mwishoni. Nilikwenda kwenye kioo, sikupiga kelele. Imekaza, lakini haiumi.

Kuna jambo sikukuambia. Mama yako alipokuwa wodini alinitumia ujumbe: "Wifi, njoo unichane. Sitaki kwenda na kichwa kama kichaka." Tulikuwa hatusemezani. Nilikuwa nimemwita mchafu mbele ya wateja wake, na kuomba radhi kulinishinda. Nikamjibu nina kazi. Sikuwa na kazi. Amezikwa na nywele zimesokotana vilevile, kama wodi ilivyoziacha.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Uliniambia mama hakumwita mtu.

Usilale mchana. Na usiniandikie kwanza.

Mwanao


3 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Umenikataza kuandika, na mimi nimekaa wiki mbili na nusu nimeuma ulimi. Hili halisubiri.

Jana Alhamisi niliweka kiti katikati ya chumba, chanuo juu ya meza, nikakaa macho makavu. Nikasema kwa sauti, "Wifi, uliniita nikakataa. Sikuwa na kazi, nilikuwa na kiburi. Nisamehe."

Mlango haukutikisika. Bwana Mashavu alisimama kwa miguu miwili akawa anatazama juu ya bega langu. Ndipo nikahisi vidole, baridi kama mkasi. Vilifumua mstari wa kwanza, taratibu, wa pili, hadi wa nane. Halafu hakuna kitu.

Leo asubuhi Bwana Mashavu ni mchafu. Maranda yamemganda tumboni, kona inanuka. Nimemchana mwenyewe, kwa mkono mzito, akaniuma kidole. Nimelia, na si kwa kidole. Nadhani nimesamehewa. Mbona nyumba imekuwa kubwa hivi?

Na wewe nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimekusamehe. Haikuwa ngumu kama nilivyodhani.

Sasa nisikilize. Alhamisi hiyohiyo, darasani, niliinamisha kichwa juu ya dawati dakika mbili, mwalimu akieleza mifupa ya mkono. Nilipoinuka mwenzangu akaniuliza, "We, nani amekusuka saa hizi?" Mistari minane.

Tangu hapo ni kila siku. Mwenzangu amehama chumba. Matroni anasema nimependeza. Lakini mama anakaza, Shangazi, kila siku anakaza zaidi. Ngozi ya uso imevutika, macho hayafumbi vizuri.

Najua anachongoja. Siku ile hospitalini nilisimama nje ya mlango wake nikakataa kuingia kumuaga. Ni neno moja tu. Wewe ulisema lako akakuachia. Mimi nikisema langu ataondoka, na safari hii hatakuwa na mwingine wa kumwendea. Kwa hiyo sisemi. Acha akaze.

Usije. Usimtume mtu. Mwandiko umepinda kwa sababu ameniinamisha kichwa, na kila nikijaribu kukiinua anakirudisha. Nitatia sahihi akimaliza.