Sufuria ya Ba

Jumanne, 14 Aprili 1987

Kokila amenifuata kwenye kamba ya nguo, ananong'ona. Anafundisha nasari, na kila mwalimu apeleke mayai ya rangi Alhamisi, sherehe ya watoto ya Pasaka. Lakini nyumba hii ni ya Wahindu wasiogusa nyama, na yai halipiti mlangoni. Mama mkwe wake, Ba, hana mchezo. Tena hakutaka Kokila aajiriwe – akipata sababu tu, atamwachisha. Basi tuyapike kwa kota yangu, chumba cha mfanyakazi huku nyuma. Nimekubali. Labda kwa sababu yeye hunisalimia asubuhi.

Jumatano, 15 Aprili

Ba alienda hekaluni, tukaanza. Sufuria yangu ndogo – mayai yaligongana, mawili yakapasuka. Kokila akakimbia jikoni, akarudi na sufuria ya Ba, ile ya kuchemshia maziwa ya maombi.

“Memsaab, hiyo hapana.”

“Nitaiosha, Rosa. Haraka.”

Maji moto, siki kidogo, rangi za chakula wanazotia kwa jalebi na vitamu vingine. Nyekundu ilishika mara moja. Bluu ilikataa, tukaongeza siki. Yalipotoka mazuri, Kokila akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hapa. Nikacheka pia. Ndipo geti likalia. Sufuria ikaoshwa mbiombio.

Alhamisi, 16 Aprili

Ameyapeleka shuleni, kikapu amefunika kitambaa.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Kanisani sikwenda. Ba aliniita jikoni asubuhi. Ameinua sufuria – chini ya mshikio, bluu na kipande cha ganda la yai.

“Rosa, nani pika yai hapa?”

Kokila alisimama nyuma yake, mikono ndani ya sari.

“Sijui, Ba.”

Uongo, na Ba aliuona. Akasema tungoje mwanawe Navin, mume wa Kokila, arudi kutoka Nyamasaria.

Baadaye Kokila akaja kwa kota. Anataka nimwambie Ba ni mimi niliyepika. Mimi si wa dini yao, nitasamehewa.

“Nitafukuzwa, Memsaab. Mtoto wangu kule Nyalenda atakula nini?”

“Nitakutafutia kazi nyingine.”

Ataitafuta vipi, na yeye kutoka getini lazima aombe ruhusa?

Alingoja, kisha akaenda.

Gari la Navin limeingia. Kutoka dirishani namwona Kokila kwa bomba, anasugua vidole kwa ndimu. Bluu haitoki.

Ba anaita kutoka verandani. Anaita Rosa. Kokila hamwiti –