Mtetemo wa Mashine ya Mzee Makame

Jumatatu, 4 Juni 1956
Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Mashine ya kusaga ya Mzee Makame inatetemeka mpaka unga unamwagika nje ya gunia. Beringi mbili zimekufa tangu Pasaka. Kaniita kutoka Iringa nimtibie mgonjwa wake, kisha niende zangu. Nalala stoo na magunia. Leo hakuna aliyeniita jina – fundi, fundi tu.

Jumanne, 5 Juni
Barua ya mke wangu, Lea. Fupi! Nisipofika nyumbani Ipogolo, pale Iringa, kabla ya Jumapili, anachukua mtoto anarudi kwao Idodi. Amechoka kuolewa na bahasha. Nimeisoma mara nne. Sina hata wa kumwonyesha. Lori la Muharami linakwenda Iringa Jumamosi asubuhi. Baada ya hapo hakuna jingine mpaka wiki ijayo.

Jumatano, 6 Juni
Nimefungua. Kumbe! Isakwisa, mwendesha mashine, alibadilisha zile nyundo za ndani zinazoponda mahindi, zilizolika tu, nyingine akaziacha. Mpya nzito, kuukuu nyepesi, zote kwenye shafti moja, chuma kinachozizungusha – itaachaje kutetemeka? Nikamwuliza kwa nini. Eti, nzima unaitupia nini, fundi? Nikamfokea. Jioni akaniletea kande. Nimeona haya.

Alhamisi, 7 Juni
Nyundo nimezipima dukani kwa Bi Rukia, mizani ya sukari. Asema nikiichafua nitailamba. Nilicheka! Sijacheka tangu nifike. Fungu la upande huu wa shafti na la upande ule – sawasawa. Nikazipanga, nikailaza shafti juu ya vyuma viwili vilivyonyooka. Yenye upande mzito hubingirika mpaka mzito uwe chini. Hii haibingiriki. Popote ukiiacha, imetulia.

Ijumaa, 8 Juni
Nimefunga. Bolti moja imenitoa damu. Shati la safari nimefua, halikauki.

Jumamosi, 9 Juni
Tumewasha polepole – kimya! Mzee Makame kanishika mkono: Alhamdulillahi, nenda kwa mkeo. Wote wakatoka. Nikaongeza mwendo, nikaweka bakuli la maji juu ya beringi. Maji yanaruka! Beringi ya pili, vilevile.
Mjinga mimi. Mafungu yalilingana kwenye mizani, lakini nyundo nzito za upande huu nilizipanga mwisho wa kushoto, za upande ule mwisho wa kulia. Ikisimama zinasuluhishana. Ikikimbia, kila mwisho unavuta kwake. Kila nyundo ilitakiwa kulingana na ile inayoikabili ng'ambo.
Hakuna anayejua ila mimi. Itafika hata mwezi kabla haijavunjika. Na Ikupa, anayemimina mahindi, husimama palepale mbele yake, mtoto mgongoni.
Naandika nimekaa juu ya sanduku langu. Honi. Honi tena. Muharami anachungulia mlangoni: unakuja ama hauji? Nimemwomba dakika kumi.
Kuifungua tu ni saa mbili nzima.