Goti la Amna

Jumanne, 1 Julai 2025

Daktari ameniruhusu. Narudi kwenye ngumi na mateke! Kanionyesha picha ya eksirei ya mguu wa kulia: chuma kirefu kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, skrubu juu, skrubu chini. Nikatafuta pale palipovunjika. Sikuona ufa. Mfupa umejijazia wenyewe, na pale ndipo panene kuliko kwingine. Nikamshukuru kwa kazi nzuri. Akasema yeye alinyoosha na kushikiza tu, aliyejenga ni mimi. Mimi! Wakati wote ule nililala nikinywa mtori wa mama, supu yake ya ndizi, na kulalamika. Kumbe huku ndani mafundi wako kazini. Nimetoka pale natembea kama nimebeba mayai.

Nikapitia dukani kwetu kumwambia mama. Kaendelea kupanga mabeseni mbele ya duka. Baadaye sana ndipo akasema Mungu akikurudishia kitu, hukirushi juu tena kuona kama atakidaka.

Alhamisi, 3 Julai

Ukumbini. Harufu ile ile ya jasho na dawa ya kuchua. Nimelipiga begi kwa mguu wa kulia. Taratibu, halafu kwa nguvu. Begi likayumba — nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ila kupimana na mimi, mtu kwa mtu, hakuna anayetaka. Severa, tuliyeanza naye mazoezi, kamwambia Kocha Talha haiwezekani. Mimi nina chuma, sawa na mtu aliyeficha jiwe kwenye glovu. Wenzake wakamuunga mkono. Wanataka nikakitoe kwanza! Kocha kanigonga ugoko kwa kidole kama mnunuzi wa nazi, kawaambia chuma kimo ndani ya mfupa, kinachompata mtu ni mfupa na ngozi kama wao.

"Kocha, tusidanganyane," Severa kasema. "Begi lenyewe umeliona."

Nimecheka njia nzima mpaka Mtaa wa Msimbazi. Halafu nikaacha. Begi ni laini. Mguu huu ulivunjika nilipompiga Amna, mwenzetu wa ukumbini, teke la chini, naye akainua goti kukinga. Mfupa kwa mfupa. Mpaka ukutane na mfupa tena, sijui kama nina mguu au nina picha ya eksirei tu.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu ya Sabasaba. Tumefunga duka mapema, nikakimbilia ukumbini. Amna yupo! Hatujaonana tangu alipokuja hospitali na mama yake, akakaa akiutazama mguu wangu mpaka muda wa wageni ukaisha.

Alikuwa anapimana na Severa. Severa anarusha teke, Amna hainui goti. Jingine, hainui. Yote yanaishia pajani. Nilidhani amechoka. Tulipokwenda kubadili nguo nikayaona mapaja yake — yamejaa alama nyeusi, nyingine zinaanza kugeuka njano.

Nikauliza. Kasema tangu siku ile goti halipandi. Teke likija anasikia ule mlio wa mfupa wangu ukivunjika.

"Ulikinga vizuri, Amna."

"Ndiyo hivyo. Vizuri mno."

Mguu wangu uliovunjika umepona, goti lake zima limegoma. Na mimi wakati wote nilidhani mgonjwa ni mmoja.

Jumatano, 9 Julai

Wateja wengi, wa Mbeya. Nimemsimulia mama habari za Amna. Kashika beseni bila kuliweka chini. Kasema, basi mpikie mtori. Nikacheka. Yeye hakucheka — kanituma sokoni kununua ndizi.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika ukumbini, bandeji mkononi, glovu pembeni. Raundi ya kwanza imekwisha. Mimi na Amna. Mtori kaumaliza jana mbele yangu, lakini leo mateke yangu yote kayapokea pajani. Hata moja hakukinga.

Kocha kasimamisha. Kakasirika kweli. Kasema Amna asipokinga raundi hii, wote wawili tutoke. Hapeleki ulingoni mtu asiyejikinga, wala mtu asiyejua kama mfupa wake utahimili.

Amna kaja kuchuchumaa mbele yangu. "Ukivunjika tena?"

Kapandisha suruali yangu, kaweka kiganja kwenye ugoko, kaminya pale penyewe. Kaminya tena kwa nguvu.

"Ni hapa? Mbona pagumu kama pangu?"

Kasimama, kaenda katikati ya mkeka. Sasa anainua goti peke yake, bila mtu mbele. Limefika nusu, limeshuka. Tena. Severa kashusha glovu, ukumbi wote unatazama. Naogopa, naogopa kweli, na bado siwezi kutoa macho kwenye goti hilo. Kocha ananiita nivae glovu. Limepanda tena, juu ya kiuno, na safari hii halishuki —